Airudishe Mahali Alipoitoa

Pasiansi, Mwanza
2 Machi 1999

Modesta, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini naitikia mapema, maana nikikungoja wewe nitakufa na marahaba yangu mdomoni. Krismasi mbili zimepita hujakanyaga hapa. Ukiulizwa unasema kazi. Kwani kazi zote za Dar es Salaam unafanya wewe, wengine wamekaa wanapunga upepo? Nikifa utakuja na kitambaa cheusi kichwani, ugaragare mbele ya watu. Nitakuwa nimelala pale nakusikia na sitafumbua jicho. Njoo ulie nikiwa hai, nikufute makamasi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati ulininunulia simu. Simu imeibiwa. Anayeandika haya ni Dorotea wa nyumba ya pili, yule wa kwaya. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asiweke maneno ya kanisani.

(Nimeapa. Dorotea.)

Ilikuwa hivi. Mume wetu Machibya alikuja kujitambulisha kama mlivyopanga. Akala, akashiba, akanishika mkono tukapanda jiwe la nyuma ya nyumba, maana unajua mtandao unashika kule juu tu, huku chini uani simu ni kipande cha mkaa. Tukaongea na wewe wote wawili, tukapiga kelele mpaka mijusi wakakimbia. Nikairudisha simu kwenye kopo lake la unga. Alfajiri mume wetu akaondoka kwenda kwao Ngudu kabla ya kurudi huko kwako, nikampa na sato wakavu akuletee, ndani ya lile kapu langu la kamba nyekundu. Umewala? Mbona husemi? Jumapili baada ya misa naenda kwenye kopo nikupigie, kopo tupu.

Basi baba yako mdogo Chenge, ambaye nilimzaa mwenyewe na sijui siku ile nilikuwa nafikiria nini, akasimama uani akatangaza kwamba mwizi ni Okal. Okal mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mvuvi, kijana wa Shirati. Kwa nini Okal? Kwa sababu huamka kabla ya watu kwenda ziwani. Kwa sababu chumba chake kinatazamana na jiko. Kwa sababu ni Mjaluo, hilo hakulisema lakini lilikuwa limemkaa usoni. Kufumba na kufumbua vijana wa mtaa wamejaa, mmoja ameshika tairi. Unajua tairi ni la nini.

Nilikaa kizingitini kwa Okal na kanga yangu. Nikawaambia wakimtaka wanikanyage mimi kwanza, na atakayetangulia kunikanyaga nitalitaja jina la mama yake na jinsi nilivyompokea siku anazaliwa, uchi, miguu kwanza. Wakanung'unika, wakasimama. Okal akapita dirishani akaenda zake pekupeku. Nyavu kaacha. Viatu vyake viko pale mlangoni, na nimesema atakayevigusa tutajuana.

Mke mwenzangu, simu naitaka, ni zawadi yako. Lakini kabla ya simu nataka Okal arudi avae viatu vyake mlangoni pale, mchana, watu wote wakimtazama. Mtoto huyu kanichotea maji miaka mitatu bila kuombwa. Sitakubali aitwe mwizi kwangu.

Polisi wameniuliza risiti. Nimewaambia risiti ni chapa. Unakumbuka nilivyopasha waya moto nikaichora simu mgongoni chapa ya ng'ombe wa babu yako, mwezi na fimbo chini yake, ukanisema kwamba nimeiharibu? Polisi nao wamecheka. Kwa hiyo naenda redioni. Hii redio mpya ya mjini inasoma kadi za salamu kila mchana, na kule hewani nina watu wangu. Wananiita Bibi wa Jiweni. Sijaonana nao hata mmoja, lakini nikikaa wiki bila kutuma salamu wanauliza kama ninaumwa. Wewe hujauliza.

Bibi yako,
Paskazia

*

Ubungo, Dar es Salaam
12 Machi 1999

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua yako nikaisoma nikiwa kazini, ikabidi nijifiche chooni kwa kucheka na kwa aibu. Nisamehe kwa kutokuja. Ukweli ni kwamba bosi wangu hatoi ruhusa, na likizo ninaitunza kwa ajili ya harusi.

Bibi, nakuomba sana usiende redioni. Harusi ni baada ya miezi mitatu na watu wa upande wa Machibya wote ni wasikilizaji. Wataona tumewaka moto kwa ajili ya simu. Machibya mwenyewe anasema simu ni kitu kidogo, atakununulia nyingine tukishafunga ndoa. Hajakaa kimya kuhusu mahari pia. Bila shaka Baba mdogo amekuonyesha mtamba aliyeletwa kutoka Ngudu. Nasikia ni mweupe, mzuri. Nimefurahi mno, maana unajua jinsi hali yake ilivyokuwa, nilidhani tungesubiri mwaka mzima.

Samaki sikuwaona. Machibya anasema waliharibika njiani akawatupa. Pole.

Kuhusu Okal, sipendi kukuudhi. Moyo wako ni mkubwa na watu wanautumia. Lakini watu wa kule hatuwajui vizuri, Bibi. Machibya hakutaka kusema, nilimlazimisha. Anasema alfajiri ile akiondoka alimwona Okal akizungukazunguka karibu na jiko. Labda Baba mdogo hakukosea.

Mjukuu wako akupendaye,
Modesta

*

Pasiansi
20 Machi 1999

Modesta,

Watu wa kule ni wapi? Nioneshe kwa kidole. Mtumbwi wa babu yako ulipozama, waliokesha ziwani wakimtafuta mpaka wakamleta nikamzika walikuwa watu wa kule. Hawakuniuliza kabila, waliniuliza alivaa shati gani. Ukirudia neno hilo nitamwambia Dorotea alifute jina lako kwenye orodha ya ninaowaombea.

(Sitalifuta, usiogope. Dorotea.)

Redioni nilishakwenda kabla barua yako haijafika, na kama ingefika ningekwenda vile vile. Sasa sikiliza balaa.

Nilitaka mwizi ajijue bila kuwaamsha wezi wengine, kwa hiyo sikutaja simu. Nikamwambia Dorotea aandike kwenye kadi: Aliyekula ugali wangu akaichukua, namjua. Airudishe mahali alipoitoa. Simjui, lakini yeye hajui kwamba simjui. Maneno machache, safi. Ila Dorotea tangu siku ile aliyosoma somo la kwanza kanisani akasema "balaka na lehema", watu wakabanwa na kicheko, ameamua kwamba kila L ni ushamba. Sasa anaweka R kila mahali, hata kwenye chumvi angeiweka kama ingekaa. Akaandika "mahari".

Mtangazaji akasoma na ile sauti yake ya mafuta: "Bibi wa Jiweni, Pasiansi, anasema, aliyekula ugali wangu akaichukua, namjua. Airudishe mahari alipoitoa."

(Mtangazaji angeweza kutumia akili. Dorotea.)

Mwanza nzima imejua kwamba nimeliwa mahari. Kadi zimemiminika. Mzee Ooko Bila Kofia wa Shirati akauliza ni ng'ombe wangapi. Rozina wa Samaki, Mkuyuni, akasema Bibi kaza hapo hapo, isibaki hata kwato. Mmoja anayejiita Machinga Mstaafu akasema yeye mahari ya dada yake ililiwa na mjomba na kwamba tuungane tufungue kesi. Watu nisiowajua wanaupita mtaa wetu wakichungulia uani kumtazama yule mtamba wa Machibya, kana kwamba ndiye mwenye kesi. Chenge kanijia juu, anasema nimemvua nguo. Nimemwambia avae tena, ana mikono.

Nimetuma kadi ya pili. Safari hii nimekaa na Dorotea tukaipitia herufi kwa herufi, mimi nisiyejua hata moja, nikimwuliza hii imekaa kama fimbo au imekunja shingo. Nimesema yote. Ni simu. Mgongoni ina chapa, mwezi na fimbo chini yake. Na kwamba natafuta pia kijana anaitwa Okal, ambaye hakuiba kitu, viatu vyake viko salama.

Jana Mzee Ooko amejibu hewani. Okal yuko kwao Shirati, mzima. Mzee amemwona gatini akisaidia watu kushona nyavu, hasemi na mtu. Nilimwamini mzee huyo kwa sababu aliongeza kwamba kijana anavaa viatu vya kuazima.

Hilo la Machibya kumwona Okal jikoni, nimelisikia. Nimeliweka.

Bibi yako

*

Ubungo
29 Machi 1999

Shikamoo Bibi,

Nilikuomba usiende redioni. Ona sasa.

Shangazi yake Machibya wa Ngudu, yule aliyemlea, alisikia ile kadi ya kwanza, akampigia simu kazini mbele ya watu kumwuliza ni mahari gani inayorudishwa. Machibya alikuja kwangu jioni hiyo hana rangi. Nilimweleza kwamba hata mimi sielewi. Soda niliyompa hakuigusa. Halafu akaniuliza: "Bibi amejuaje habari za yule mtamba?"

Nikamwambia kwani mtamba ana nini? Akasema hana kitu, basi tu. Tangu hapo hali chakula vizuri. Naona ameumia, Bibi. Anadhani mmemdharau, kwamba mtamba ni mdogo au ana ugonjwa, na kwamba mmepeleka lawama redioni badala ya kumwambia. Kwa mila zetu hilo ni tusi kubwa, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha.

Barua yako ya pili nimeipata na nimeelewa kuwa ni kosa la Dorotea. Nimemsomea Machibya sehemu hiyo ili afurahi. Hakufurahi. Aliuliza kama kweli kadi ya pili imetaja chapa.

Nakuomba umwandikie neno moja la kumtuliza. Yeye ni mtu mpole, hajazoea makelele ya kwetu.

Modesta

*

Mkuyuni
2 Aprili 1999

Bibi wa Jiweni, shikamoo,

Mimi ndiye Rozina wa Samaki unayenisikia redioni. Barua hii nimeiandika mwenyewe, na iko ndani ya kapu, na simu yako iko chini ya barua. Usishtuke. Ngoja nieleze.

Pembeni ya meza yangu ya samaki kuna fundi saa. Siku kadi yako ya pili ilipopita hewani niliona anapunguza sauti ya redio. Mimi nikaiongeza kwa mkono wangu. Nikamwuliza fundi, kwani una nini na mwezi na fimbo? Akasema sina. Lakini akafunika kisanduku chake kwa kitambaa, na mtu wa saa hafuniki kisanduku mchana.

Nikatuma salamu: wasikilizaji wenzangu mlio karibu na soko la Mkuyuni, leo samaki wangu ni watamu kuliko siku zote, njooni. Wakaelewa. Bibi, walikuja. Wengine wametoka Igogo kwa miguu, wengine Butimba. Tukawa tunatambuana kwa majina ya hewani, mmoja anauliza wewe ndiye Mama Usinune? Eh, ndiye. Machinga Mstaafu ambaye siku zote tulidhani ni mzee wa makamo, kumbe ni kijana hata ndevu hana. Tulicheka mpaka tukasahau kilichotuleta.

Tukaizunguka meza ya fundi tukakaa. Hatukumtukana. Tuliongea habari zetu tu, tukimwomba radhi kila mteja kwamba leo fundi ana wageni. Mwisho akaifunua mwenyewe. Mwezi na fimbo, kama ulivyosema. Akasema aliinunua kihalali kwa kijana mmoja mrefu aliyekuwa anasubiri gari la kwenda Ngudu. Tukamwambia huyo kijana mtatafutana, hii ina mwenyewe. Laini yake alishaitupa.

Sasa, Bibi, kuna jambo jingine. Kijana mrefu wa gari la Ngudu namkumbuka mimi pia. Asubuhi hiyo hiyo aliniuzia sato wakavu, wazuri, waliokaushwa na mtu anayejua. Aliniuzia pamoja na kapu. Kapu ndilo hili. Samaki niliwauza bila kujua ni wa nani, na hilo linaniuma.

Sikuuliza jina lake wala sitaki kulijua. Wewe utalitazama kapu.

Wako wa hewani,
Rozina

*

Pasiansi
6 Aprili 1999

Modesta,

Simu imeonekana. Laini waliitupa, kwa hiyo hata nikipanda jiwe haitasema kitu, na ni afadhali. Haya si ya kupigiana kelele.

Umeniomba nimwandikie Machibya neno la kumtuliza. Sina. Mpe hili langu, na umtazame usoni ukimpa: Bibi anauliza kapu la kamba nyekundu lilitupwa wapi.

Usiongeze lingine.

Paskazia

(Modesta mdogo wangu, leo amesema maneno haya akiwa amesimama. Dorotea.)

*

Ubungo
25 Aprili 1999

Bibi,

Nilimwuliza. Ulijua kwamba ningemwuliza.

Alilia, Bibi. Sijawahi kumwona mwanaume akilia vile. Anasema hakukusudia. Baba zake wadogo walikuwa wamemwambia wazi kwamba bila mtamba asirudi nyumbani kuzungumzia ndoa, na kampuni yao imepunguza wafanyakazi, mshahara wenyewe umekuwa hadithi. Aliiona simu kwenye kopo alipokwenda jikoni kunywa maji. Alijiambia ataninunulia mimi nyingine na mimi nitakupa wewe, na hakuna atakayekuwa amepoteza. Samaki aliwauza kwa sababu harufu yao ilikuwa inamsuta njia nzima. Hayo ndiyo maneno yake.

Sijalala vizuri wiki mbili. Nimefikiri mpaka nimechoka. Bibi, nisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika. Simu umeipata. Mtamba yupo. Kadi za mwaliko zimeshachapishwa na nusu nimegawa. Je, tukisema kwamba simu ilikuwa imeangukia nyuma ya magunia ya dagaa? Baba mdogo atanyamaza, hatapenda kuonekana mjinga. Watu watacheka siku moja, watasahau. Okal ameshakuwa kwao, kwa mama yake, ana kazi ya nyavu, hana alichopoteza zaidi ya viatu. Nitamnunulia vipya, vya ngozi.

Yeye na mimi tumejenga mambo mengi pamoja. Usinivunjie kwa siku moja.

Modesta

*

Shirati
28 Aprili 1999

Bibi Paskazia,

Shikamoo. Mimi Okal. Mzee Ooko alikuja mpaka nyumbani akaniambia nikae karibu na redio, nikasikia mwenyewe ukinitafuta. Asante.

Mama yangu hataki nirudi. Anasema mwenye tairi bado anakaa mtaa ule, na tairi bado analo. Mimi namwambia wewe ulikaa mlangoni. Yeye anasema huyo bibi atakaa mlangoni mara ngapi.

Wavuvi wa huku nao walishapata habari. Hakuna anayenitukana, ila nikiingia kwenye mtumbwi kila mtu anasogeza koti lake karibu. Nimesikia pia kwamba simu imeonekana. Nikajua sasa watasema Okal ameogopa akairudisha. Kwa hiyo, Bibi, nikisikia tu kwamba imeonekana, sitarudi. Nikisikia kwamba sikuichukua, nitarudi. Ni maneno mawili tofauti, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia hivyo.

Kama haiwezekani, sitakulaumu, najua una familia. Viatu mpe mtu.

Okal

*

Pasiansi
10 Mei 1999

Modesta mjukuu wangu,

Nimekusikiliza mpaka mwisho, kama ulivyoomba. Dorotea amenisomea mara mbili, mara ya pili nilimwambia asome polepole, huenda kuna mahali nimekosa kukuelewa. Sikukosa.

Barua yako na ya Okal zilisomwa siku moja, moja baada ya nyingine. Yako inasema hana alichopoteza. Yake inasema wenzake wanasogeza makoti. Sikuwa na haja ya kuwaza zaidi.

Nyuma ya magunia ya dagaa hapana. Nyumba yangu sijawahi kuifagia nikaacha kitu nyuma ya magunia, na sitaanza kwa ajili ya mwanaume anayelia vizuri. Anasema hakukusudia. Kuchukua simu, haya, nasema njaa ya ng'ombe ilimpanda kichwani. Lakini kukuambia wewe kwamba alimwona Okal jikoni, hilo alilifanya akiwa amekaa kitini kwako, ameshiba, hakuna aliyemkimbiza. Nyuma ya lile neno kuna tairi. Alijua. Chenge alikuwa amempigia kazini akamsimulia habari ya tairi kabla hajakuambia neno hilo, nimemwuliza Chenge amekubali.

Sasa nikueleze nilichofanya, usije ukasikia kwa wengine.

Nilimwita Chenge nikamwonyesha kapu. Nikamweleza. Alikaa chini pale pale kwenye mavumbi na suruali yake ya kuendea mjini. Nikamwambia inuka, fungua mtamba. Tukatoka, mimi mbele, yeye nyuma ameshika kamba, jua liko utosini, tukaupita mtaa mzima, dukani, kisimani, penye kinyozi. Kila aliyeuliza nilimjibu bila kupunguza sauti: mtamba huyu anarudi Ngudu kwa wenyewe, amenunuliwa kwa simu yangu, na simu hakuichukua Okal, aliichukua mgeni wetu tuliyempikia. Chenge alikuwa anatazama kwato za ng'ombe. Penye kinyozi alikuwepo yule wa tairi. Nikasimama. Nikamwambia lilete. Akajifanya hasikii. Nikaanza: mama yako, siku ile, miguu kwanza. Akalileta mbio. Ninalo hapa, nalikalia nikichambua dagaa, linanifaa kiuno.

Halafu kadi ya tatu. Redioni sikulitaja jina la Machibya. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya shangazi yake aliyemlea, ambaye hajanikosea. Nilisema hivi, na mtangazaji akasoma bila mafuta: "Bibi wa Jiweni anasema, simu niliibiwa na mtu wa kwangu niliyemwita mume. Okal wa Shirati hakuichukua. Narudia. Hakuichukua. Arudi mahali pake." Na Dorotea aliandika mahali kwa L ndefu kama mlingoti.

(Niliipitia mara tatu. Dorotea.)

Kadi zote zilizofuata siku ile, Modesta, watu walirudia neno hilo moja. Rozina, Mama Usinune, Machinga Mstaafu, watu wa Ukerewe na Musoma nisiowajua hata kwa jina la hewani. Kila mmoja alianza: Okal hakuichukua. Mwishoni mtangazaji hakusoma tena majina, akawa anasema tu, na huyu naye, na huyu naye. Nililia, mimi ambaye silii.

Okal alifika juzi na mama yake. Mama aliutazama mtaa, akanitazama mimi, akalitazama tairi nililolikalia, akachekea puani. Okal akaenda mlangoni kwake. Watu walikuwa wamejaa uani. Akavaa viatu. Vilikuwa vimekauka kwa jua, vinamkaba, akatembea navyo hivyo hivyo mpaka ziwani kwenda na kurudi.

Kuhusu wewe. Sijakukataza kuolewa. Moyo ni wako, na mimi nilimpenda babu yako na makosa yake yalijaa kapu. Olewa ukitaka, hata na huyo. Lakini si kwa ng'ombe aliyenunuliwa kwa jina la mtoto wa mwenzangu. Akitaka kuleta mwingine, aje naye mwenyewe, mchana, apite mtaa nilioupita, na kabla hajaingia kwangu asimame kwa Okal. Akiweza hilo, nitampikia. Asipoweza, utakuwa umejua unaolewa na nani, na hilo nalo ni zawadi.

Kadi ulizochapisha, nyuma yake si ni nyeupe? Niletee, Dorotea atapata za kuandikia.

Bibi yako anayekupenda kuliko unavyostahili,
Paskazia

*

Ubungo
24 Mei 1999

Shikamoo Bibi,

Nilimpa Machibya barua yako aisome mwenyewe. Alipofika pale pa kupita mtaani aliikunja akaniuliza kama hakuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna. Akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Mimi nimekata tikiti ya treni ya Ijumaa, tarehe 4 Juni. Bosi amekataa ruhusa, nitaondoka hivyo hivyo. Nakuja peke yangu.

Sijui nitakuangaliaje.

Modesta

*

Pasiansi
30 Mei 1999

Mke mwenzangu,

Barua hii nampa Antoni anayefanya kazi kwenye treni akupe mkononi kabla hujapanda, maana posta itaifikisha wewe ukiwa umeshalala kitandani kwangu.

Kuniangalia si kazi. Nina macho mawili, chagua lolote.

Lete laini mpya ya simu, jiwe bado liko pale pale. Ngozi usinunue, viatu vyake anavipenda. Ukishuka stesheni usipitie kwa Chenge, atakuchelewesha ili apate muda wa kujitetea. Njoo moja kwa moja. Ukifika, usije kwenye mlango wa mbele. Zunguka uani mpaka utakapoona viatu vya mvuvi, pale ndipo upige hodi kwanza. Umwite kaka. Sema lile neno la "watu wa kule" mbele yake, ulisikie linavyosikika, halafu umwombe radhi. Mimi nitakuwa jikoni, sitatoka, na sato sitawapakua mpaka nisikie amekuambia karibu.

Bibi yako,
Paskazia